Hasan bin Suleiman, Baba wa Zawadi

Sisi wa Malindi tukitajiwa magofu twakumbuka Gede tu. Lakini ndugu msomaji, kule Kilwa, kusini mwa Tanzania, alitawala sultani aliyepiga sarafu zake mwenyewe za dhahabu. Ndiye Hasan bin Suleiman, aliyeshika kiti kuanzia mwaka 1310 hivi hadi 1333 hivi. Edward III wa Uingereza alipotoa dhahabu yake mwaka 1344, Hasan alikuwa keshakufa!

Historia ya Kilwa yasema alisafiri kwenda Maka akiwa kijana wa miaka 14, akasoma dini Aden miaka miwili. Nduguye Daud alimshikia kiti mpaka akarudi.

Dhahabu ilitoka bara, ikipitia Sofala. Kwa mali hiyo akajenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea la pembe nane. Si mchezo!

Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa, njiani kutoka msikitini, maskini mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa. Akampa zote. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Karimu, ndiyo, lakini wale ishirini nao walikuwa watu, na majina yao hayakuandikwa popote.

Sarafu zake za dhahabu zinazojulikana ni tatu tu. Za shaba ni nyingi, na maneno yake yana vina. Moja iliokotwa Zimbabwe Kuu, karibu na dhahabu ilikotoka.