Fritz Perls: Mkimbizi aliyeanzia tiba yake Afrika Kusini

Aprili 1933, daktari mmoja wa Berlin alivuka mpaka wa Ujerumani na kuingia Uholanzi akiwa na mark 100 alizoficha ndani ya kiberiti cha mafuta cha kuwashia sigara. Wasomaji wa ukurasa huu wanaovuka Ziwa Mweru hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Wanajua fedha inavyokunjwa kwenye pindo la kitenge au kulazwa chini ya soli ya kiatu. Tofauti ni kwamba daktari huyo hakuwa anakwepa ushuru. Alikuwa Myahudi, Hitler alikuwa ameshika serikali tangu Januari, na mtu wa kabila lake aliyeipinga serikali hiyo hadharani, kama yeye alivyofanya, hakuwa na muda wa kufunga mizigo.

Jina lake ni Fritz Perls. Ndiye anayetajwa kila panapotajwa tiba ya nafsi iitwayo Geshtalti, ambayo leo ina vyuo vyake Ulaya na Marekani. Kuna sababu ya kumwandika katika gazeti linalosomwa Kashikishi na Pweto. Mwaka 2017, mapigano ya Katanga ya Juu na Tanganyika yalipowasukuma maelfu ya Wakongo kuingia Zambia, wengi wao kupitia upande wa Chienge, walipokelewa katika kambi ya muda ya Kenani, wilayani Nchelenge, kabla ya makazi ya Mantapala kufunguliwa mapema 2018. Katika kambi yoyote ya namna hiyo, turubai na unga vikishapatikana, huja suala la washauri nasaha. Nani ataketi na mama aliyeona nyumba yake ikiungua? Huyo naye amefunzwa na nani, kwa muda gani? Maisha ya Perls yote yalizunguka swali hilo, naye alilijua akiwa pande zote mbili za meza.

Alizaliwa Berlin tarehe 8 Julai 1893. Baba yake aliuza mvinyo, mara nyingi akiwa safarini. Mtoto alikuwa mtukutu, akafukuzwa shule, na ilibidi atafutiwe nyingine ndipo akaweza kuendelea hadi udaktari. Kabla hajamaliza masomo, Vita Kuu ya Kwanza ikamchukua. Alikaa kwenye mahandaki, akavuta gesi ya sumu, akajeruhiwa kwenye paji la uso. Alirudi akiwa mtu aliyekufa ganzi, na hali hiyo haikumtoka upesi.

Mwaka 1926 alipata kazi Frankfurt kwa Profesa Kurt Goldstein, aliyekuwa akiwatibu askari walioumia ubongo. Goldstein alikuwa ameona jambo ambalo vitabu vya siku hizo vililipita juu juu: risasi ikiharibu sehemu moja ya ubongo, si kazi ya sehemu hiyo tu inayobadilika. Mtu mzima hujipanga upya, namna anavyoona, anavyotembea, hata anachokiogopa. Hapo ndipo linapoingia neno lenyewe. Geshtalti ni Kijerumani, maana yake umbo kamili. Wimbo haujulikani kwa kusikia sauti moja moja, hujulikana ukiwa mzima. Na mtu ni hivyo hivyo.

Hapo Frankfurt alikutana na Lore Posner, mwanafunzi wa saikolojia aliyezaliwa 1905 katika mji wa Pforzheim. Walioana ingawa wazazi wa binti hawakuridhika. Jina lake tutalirudia, maana wanaosimulia habari za Perls wana tabia ya kulisahau.

Mafunzo ya kuwa mchambuzi wa nafsi, kwa njia ya Sigmund Freud, hayakuwa ya darasani tu. Anayetaka kutibu alilazimika kwanza kutibiwa. Perls alilala kwenye kochi la Karen Horney huko Berlin, kisha la Clara Happel huko Frankfurt, na akapata usimamizi wa kazi Vienna. Baadaye akawekwa kwa Eugen Harnik, ambaye kwa masimulizi ya Perls mwenyewe alikuwa hasemi karibu neno lolote, na saa ikiisha alikwaruza sakafu kwa mguu. Mwaka mmoja na nusu, kila siku! Harnik alipoweka sharti kwamba mwanafunzi asioe kabla matibabu hayajaisha, Perls akachagua ndoa. Aliyemfaa zaidi ni Wilhelm Reich, ambaye badala ya kungoja ndoto na kumbukumbu aliangalia mwili ulio mbele yake: taya lililokazwa, pumzi iliyozuiliwa, mabega yaliyopanda. Kila anayefundishwa Geshtalti leo hujifunza kutazama hivyo.

Uholanzi haikuwa nafuu. Mke na mtoto wao Renate walimfuata, wakaishi Amsterdam katika chumba kidogo cha darini, bila kibali cha kufanya kazi. Daktari mwenye mafunzo ya miaka mingi akawa mtu wa kutegemea hisani ya wengine. Anayefanya biashara ng'ambo bila karatasi zilizokamilika anaelewa udhalili huo: si kwamba hujui kazi, ni kwamba muhuri haupo. Aliyemfungulia njia ni Ernest Jones, kiongozi wa wachambuzi wa nafsi Uingereza, aliyejua kwamba Johannesburg palihitajika mtu.

Kufikia 1934 familia ilikuwa Johannesburg. Mwaka 1935 Perls na Lore walianzisha Taasisi ya Uchambuzi wa Nafsi ya Afrika Kusini, na mwaka huo huo wakapata mtoto wa pili, Steve. Wateja walikuwa wengi. Nyumba yao ilikuwa na uwanja wa tenisi na bwawa la kuogelea. Na hapa msomaji ana haki ya kuuliza. Mtu aliyekimbia sheria za ubaguzi wa damu alistawi katika nchi ambamo Mwafrika hakutembea mjini bila pasi. Mtambo wa migodi ya Rand ulisaga watu waliotoka mbali, wengine kutoka nchi zilizo jirani na ziwa hili, na hao hawakuwa wenye kulala kwenye kochi la Perls. Yeye na Lore hawakuupenda ubaguzi, lakini tiba yao ilikuwa ya walioweza kuilipia, na hao walikuwa Wazungu.

Mwaka 1936 alisafiri hadi Marienbad, Chekoslovakia, kwenye mkutano wa kimataifa wa wafuasi wa Freud. Alibeba hoja aliyoijenga pamoja na Lore, ambaye alikuwa amechunguza namna watoto wachanga wanavyolishwa. Mtoto akiota meno hutafuna. Asipofundishwa kutafuna, humeza vyote vizima, chakula na maneno ya wakubwa pia. Mtu mzima anayemeza fundisho lolote bila kulivunja kwa meno yake, walisema, atalibeba tumboni kama jiwe. Hoja hiyo ilikuwa inawagusa walimu wenyewe waliokaa ukumbini, na ilipokewa kwa ubaridi. Katika safari hiyo alipita Vienna kumwona Freud, akisubiri makaribisho ya mtu aliyetoka mbali. Alipewa dakika chache mlangoni. Kinyongo cha siku hiyo alikibeba hadi uzeeni.

Pigo la pili lilikuwa la kanuni. Chama cha kimataifa kiliamua kwamba asiyekuwa mwalimu wa wachambuzi akiwa Ulaya hataruhusiwa kufundisha wengine kwingineko. Taasisi ya Johannesburg ikabaki na jina, lakini haki ya kutoa wanafunzi ikawa imeondoka, kwa uamuzi wa watu walio mbali nayo.

Mimi naona kwamba bila mlango huo kufungwa, Geshtalti isingezaliwa. Perls aliacha kungoja ruhusa. Mwaka 1942 kitabu chake cha kwanza kilichapishwa Durban, kwa Kiingereza, lugha aliyokuja kuitumia ukubwani. Humo ndimo hoja ya meno na njaa ilipoelezwa kwa kirefu, na humo ndimo alipoanza kuachana na Freud. Lore aliandika sehemu zake, akashukuriwa katika toleo la kwanza. Matoleo ya baadaye yaliiondoa shukrani hiyo. Kuanzia mwaka huo hadi 1946 Perls alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika jeshi la Afrika Kusini. Vita hiyo ilimfika nyumbani pia: dada yake Else aliuawa na Wanazi.

Mwaka 1946, siasa za nchi zikizidi kuelekea pabaya, alihamia New York, familia ikafuata. Mwaka 1951 alitoa kitabu pamoja na Ralph Hefferline na Paul Goodman, ndicho kilichoipa tiba hii jina, na mwaka uliofuata wakaanzisha chuo. Mafunzo mengi yalifanyika sebuleni kwa Lore. Mwanafunzi hakupewa tu kitabu cha kukariri. Aliketi mbele ya wenzake, akashughulikiwa kama mgonjwa, kisha zamu ikageuka. Baadaye ikaja ile njia ya kiti kitupu: mfiwa huweka kiti mbele yake, akazungumza na marehemu kana kwamba yumo, halafu huhama akakaa kile kiti na kujijibu. Kwa watu wa huku waliozoea kuzungumza na wafu wao makaburini, njia hiyo haishangazi sana.

Umaarufu mkubwa ulimjia uzeeni, alipohamia Esalen, California, katika miaka ya 1960. Watu walimiminika kumwona akifanya kazi mbele ya hadhira kwa siku mbili tatu, na baadhi yao walirudi makwao wakijiita matabibu. Yeye mwenyewe alikuja kuonya dhidi ya waliotaka kuponya kwa haraka, ingawa maonyesho yake ndiyo yaliyowalea. Hakuwa mtu rahisi: ndoa aliipuuza, wanawe aliwaacha mbali, na wanafunzi aliweza kuwakejeli hadharani. Vyuo vya Geshtalti vya Ulaya hivi sasa hudai miaka minne hivi, matibabu ya mwanafunzi mwenyewe yakiwemo, na usimamizi wa kazi. Anayepewa siku chache za semina na fulana, kisha akapelekwa kwenye mahema kusikiliza watu, anapaswa kujua ukubwa wa pengo hilo. Wanaomtuma wanapaswa kulijua zaidi.

Mwaka 1969 Perls alihamia Kanada, kando ya Ziwa Cowichan, akitaka kuishi na kufundisha mahali pamoja. Alikaa miezi michache tu. Alifia Chicago tarehe 14 Machi 1970. Lore aliendelea kufundisha New York kwa miaka mingi, taratibu, bila jukwaa, na wengi waliokuja kuwa walimu wa tiba hii walipita mikononi mwake. Alifariki 1990 Pforzheim, mji uleule aliozaliwa.