Ulugh Beg: Sultani Aliyepima Nyota

Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina haya ya sayari tano zionekanazo kwa macho matupu sisi watu wa pwani tumeyapata kwa Waarabu, pamoja na elimu yenyewe ya falaki. Mimi niliyasikia chuoni tungali watoto, yakitajwa na wakubwa kama watajavyo jamaa zao. Lakini kwa wengi wetu falaki imekuwa ni jambo la kutazamia tu: kumtafutia mtu nyota yake, ama siku njema ya safari na ya harusi. Ndiyo maana nimependa leo nikusimulieni, wasomaji wangu, habari za mtu aliyeshika falaki kwa kipimo na hesabu, na ambaye mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha.

Jina lake la kuzaliwa ni Muhammad Taraghay, lakini ulimwengu unamjua kwa lakabu ya Ulugh Beg, yaani mtawala mkuu. Alizaliwa mwezi wa Machi 1394 katika mji wa Sultaniyya, Uajemi. Babu yake alikuwa ni Timur, yule mshindi wa vita aliyeutia moto na upanga ulimwengu kutoka Delhi hata Damascus. Utoto wa mjukuu huyu ulipita katika misafara ya jeshi, akihamishwa kambi hii kwenda kambi ile. Timur alifariki 1405. Mwanawe Shah Rukh akaufanya mji wa Herat kuwa makao yake, na mwaka 1409 akamwachia Ulugh Beg mji wa Samarkand autawale. Kijana alikuwa na umri wa miaka 15.

Alirithi upanga, lakini moyo wake ulikuwa katika kalamu. Kati ya 1417 na 1420 alijenga madrasa kubwa katikati ya Samarkand, nayo ingali imesimama hata leo katika nchi ya Uzbekistan. Humo hesabu na falaki zilisomeshwa sambamba na elimu za dini, na sultani mwenyewe alikaa na wanachuoni wakabishana. Aliwakusanya mabingwa wa zama zake: Qadi Zada al-Rumi, na Jamshid al-Kashi, ambaye mwaka 1424 alikokotoa uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake hata tarakimu 16 baada ya nukta. Kijana wao alikuwa Ali Qushji, ambaye jina lake nawaombeni mliweke akilini.

Katika miaka hiyo ya 1420 likajengwa juu ya kilima nje ya mji jumba la kuangalizia nyota. Lilikuwa la mviringo, lenye ghorofa tatu. Ndani yake mlikuwa na tao kubwa la mawe lililoelekezwa kaskazini na kusini, sehemu yake ikiwa imechongwa ndani ya mwamba chini ya ardhi. Nusu kipenyo cha tao hilo ilikuwa mita 40 hivi. Mwangaza wa jua la adhuhuri ulipenya katika tundu juu, ukaangukia kwenye tao, na hapo wakasoma jua liko juu kiasi gani. Kwa ukubwa wake, kila digrii moja ilichukua nafasi ya sentimita 70 hivi, hata sehemu ndogo kabisa ya digrii ikaweza kusomwa. Kumbuka kwamba darubini haikuelekezwa mbinguni mpaka 1609.

Kazi hiyo haikutaka haraka. Zohali huchukua miaka 29 na nusu hivi kulizunguka jua. Katika miaka 40 aliyotawala Ulugh Beg, Zohali ilizunguka mara moja na theluthi tu. Al-Kashi alifariki 1429, kitabu hakijaisha. Lakini mwaka 1437 kikatoka kile kiitwacho Zij ya Sultani, chenye mwendo wa jua, mwezi na sayari tano, pamoja na mahali pa nyota 1,018, nyingi ya hizo zikiwa zimepimwa upya. Urefu wa mwaka wa nyota waliukadiria kuwa siku 365, saa 6, dakika 10 na sekunde 8. Kosa lake halifiki dakika moja. Ni kweli kwamba hesabu zao zilisimama juu ya rai ya kale kuwa dunia ndiyo kitovu na jua ndilo lizungukalo. Hata hivyo, kipimo kizuri hakiharibiki kwa kuwa maelezo yake yamebadilika.

Shah Rukh alipofariki 1447, Ulugh Beg akaingia katika vita vya urithi ambavyo hakuviweza. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanawe mkubwa, Abd al-Latif, alimwasi. Husimuliwa kwamba baba alikwisha kuona katika nyota kuwa mwana huyu atamdhuru. Mimi naona sababu ilikuwa hapa hapa duniani: baba alimpendelea mwana mdogo, Abd al-Aziz, na mkubwa akaweka kinyongo. Katika msimu wa vuli wa 1449 jeshi la baba likashindwa karibu na Samarkand. Ulugh Beg akajisalimisha, akaomba ruhusa aende kuhiji, akapewa. Hakufika mbali. Alifuatwa njiani, akakatwa kichwa na mtu aliyedai kisasi cha babake. Ilikuwa Oktoba 1449, nao ni mwezi wa Ramadhani. Abd al-Aziz naye akauawa. Na Abd al-Latif mwenyewe hakukikalia kiti hicho hata mwaka mmoja; aliuawa 1450.

Jumba la nyota likaachwa, likabomoka, hata mahali pake pakasahaulika. Ni mwaka 1908 ndipo mtaalamu wa Kirusi, Vasily Vyatkin, alipolifukua lile tao chini ya udongo. Mwaka 1941 kaburi la Ulugh Beg likafunguliwa. Akakutwa amezikwa na nguo zake kama azikwavyo shahidi, na mfupa wa shingo una alama ya upanga.

Je, elimu ilifia hapo? Hapana. Ali Qushji alikuwa hai. Alihama na hazina hiyo kichwani na mkobani, akafika Istanbul, akasomesha huko mpaka alipofariki 1474. Nakala za Zij zikaenea, na mwaka 1665 orodha ya nyota zake ikapigwa chapa Oxford, Uingereza. Leo shimo moja kubwa la mwezini lina jina la Ulugh Beg.

Basi tazameni. Mwana wa damu aliubomoa ufalme. Mwanafunzi akaiokoa elimu. Huku kwetu kuna makasha yenye hati za wazee za falaki, za tiba na za mashairi, zinazoliwa na mchwa kwa kuwa mwenyewe alizificha hata kwa wanawe. Asiye na Ali Qushji wake, elimu yake huzikwa pamoja naye. Mwenye kitabu na amtafute kijana amsomeshe, wakati macho yangali yanaona.