Philidor: Bingwa wa sataranji aliyefia ugenini

WIKI hii nimemchagua Mfaransa François-André Danican Philidor kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mpenzi wa sataranji, na kila nikipewa kete nyeusi humkumbuka. Pili, maisha yake yalikuwa ya kuvuka mipaka, jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu wanalijua fika.

Alizaliwa Dreux, Ufaransa, Septemba 7, 1726, katika ukoo wa wanamuziki wa mfalme. Akiwa bado mtoto mdogo aliingia kwaya ya mfalme kule Versailles. Wanamuziki walikuwa wakicheza sataranji huku wakisubiri ibada, naye akajifunza hapo. Baadaye alihamia Paris na kufundishwa na Legall, bingwa wa mkahawa wa Café de la Régence.

Mwaka 1745 alikwenda Uholanzi kwa maonyesho ya muziki. Binti aliyetarajiwa kuimba akafariki, maonyesho yakavunjika, na Philidor akajikuta ugenini bila fedha. Aliishi kwa kucheza sataranji na drafti na wenyeji wenye uwezo. Ndugu msomaji, ujuzi ulio kichwani hautozwi ushuru mpakani.

Mwaka 1747 alipambana London na Philip Stamma, mzaliwa wa Aleppo, Syria. Alimwachia Stamma kete nyeupe, ambazo ndizo huanza, katika michezo yote. Tena alikubali kila sare ihesabiwe ushindi wa Stamma. Pamoja na hayo, Philidor alishinda michezo minane kati ya kumi.

Mwaka 1749 alitoa kitabu chake, akifundisha kwamba uhai wa mchezo uko kwa askari, zile kete ndogo za mbele ambazo wengi huzipoteza ovyo.

Ulinzi unaobeba jina lake ni huu. Mwenye kete nyeupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, nawe unafanya vivyo hivyo. Anatoa farasi kumtishia askari wako. Wengi hujibu kwa farasi, lakini hapa unasogeza askari wa mbele ya malkia hatua moja tu, amkinge mwenzake. Ni ukuta imara, ila una gharama: askofu wa upande wa mfalme anazibiwa njia, na nafasi yako inakuwa finyu.

Philidor mwenyewe alipenda kufuatisha kwa kusukuma askari wa mbele ya askofu huyo hatua mbili. Leo hatua hiyo inahesabiwa kuwa ya hatari, kwani inamwacha mfalme wazi. Mpinzani akisukuma askari wa malkia wake hatua mbili, mimi hushauri utoe farasi wa upande wa mfalme, umshambulie askari wake wa katikati, kisha umfiche mfalme pembeni mapema.

Usikimbilie kutoa askofu ili kumbana farasi wake. Ndivyo walivyofanya mabwana wawili waliocheza pamoja dhidi ya Mmarekani Paul Morphy katika jumba la opera la Paris mwaka 1858. Walimalizwa kwa hatua 17.

Kuanzia 1775 Philidor alikuwa akienda London kila mwaka kwa miezi kadhaa kucheza na kufundisha katika klabu, kisha hurudi kwa mkewe na watoto. Mwaka 1783 alicheza huko na watu watatu kwa wakati mmoja bila kutazama ubao. Lakini mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, safari ya mwishoni mwa 1792 haikuwa na marejeo. Jina lake liliwekwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku kurudi.

Alifariki London Agosti 31, 1795, siku chache kabla ya kutimiza miaka 69, familia yake ikiwa ng'ambo ya bahari. Mtu aliyewafundisha wengine kulinda nyumba yao ubaoni alifungiwa mlango wa kwake, wala hakukuwa na hatua ya kete ambayo ingeufungua.