Michael Faraday, Mwanasayansi na Mzee wa Kanisa

Sisi tuliofundisha miaka mingi huulizwa na vijana kama mtu wa sayansi aweza kumwamini Mungu. Tuwakumbushe habari za Michael Faraday, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Shuleni alisoma kidogo tu. Kwa miaka saba alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na vile alivyovijalidi akavisoma. Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hupita katika waya huo. Mitambo mingi ya umeme hata leo hufuata kanuni hiyo.

Mtu huyu alikuwa mzee wa kanisa katika ushirika mdogo wa Wasandemani, London. Mwaka 1844 ushirika ulimtenga kwa majuma machache, akaondolewa pia katika uzee wa kanisa. Wataalamu wa Ulaya walimheshimu, naye angeweza kuondoka kwa hasira. Hakuondoka. Alirudishwa, akaketi pamoja na wenzake miaka mingi bila cheo, hata mwaka 1860 wakamchagua tena kuwa mzee. Alifariki mwaka 1867.

Nasi tunapoonywa kanisani, tumkumbuke, tusikimbilie kuhama.