Sophocles na Jazanda za Mfalme Edipode

Tanzia ya Sophocles iliyotafsiriwa na Samuel Mushi kwa jina Mfalme Edipode mwaka wa 1971 haikosi kuzua mjadala kila inaposomwa. Aghalabu neno la kwanza kutajwa ni majaaliwa: Oedipus aliandikiwa kumuua babake na kumwoa mamake, basi yakawa. Makala haya yanashikilia kuwa usomaji huo unaipunja kazi yenyewe, na kwamba maisha ya mtunzi yanatuelekeza kwingine.

Sophocles alizaliwa yapata mwaka wa 496 K.K. katika kitongoji cha Colonus, nje kidogo ya Athens. Babake, Sophillus, alikuwa na karakana ya silaha, kwa hivyo mtoto hakulelewa katika ufukara. Waathene waliposherehekea ushindi wa Salamis dhidi ya Waajemi mwaka wa 480 K.K., yeye ndiye aliyeteuliwa kuwaongoza wavulana walioimba. Mwaka wa 468 K.K. alimbwaga Aeschylus, gwiji wa enzi hiyo, katika mashindano ya tamthilia. Aliandika tamthilia zaidi ya 120. Saba tu ndizo zilizotufikia zikiwa kamili. Aidha, anasifiwa kwa kumwongeza mwigizaji wa tatu jukwaani. Bila huyo, Jocasta asingeweza kusimama kimya, akielewa yote, huku mumewe na mjumbe wa Corinth wakiendelea kuzungumza.

Hata hivyo, Sophocles hakuwa mtu wa jukwaa pekee. Mwaka wa 443 K.K. alikuwa miongoni mwa watunza hazina ya muungano ulioongozwa na Athens. Muda mfupi baadaye alichaguliwa kuwa jemadari pamoja na Pericles katika vita dhidi ya kisiwa cha Samos. Tukutanapo, basi, na jazanda ya Thebes kama chombo kinachoyumbishwa na mawimbi, tukumbuke kuwa mtunzi alikuwa ameonja uongozi wa vita vya baharini.

Kisha ikaja tauni. Iliishukia Athens mwaka wa 430 K.K., vita na Sparta vikiwa vimepamba moto, na mwaka uliofuata Pericles akafa. Wataalamu wengi huiweka Mfalme Edipode katika miaka iliyofuatia. Iwapo ndivyo, hadhira iliyomsikia kuhani akilalamikia mimba zinazoharibika na mifugo inayokufa ilikuwa imewazika watu wake yenyewe. Tauni ya jukwaani ni ugonjwa halisi, na papo hapo ni sitiari ya uovu uliojificha ikulu. Mfalme anautafuta kila mahali isipokuwa kwake.

Kuhusu macho hatuna haja ya kurefusha. Tiresias ni kipofu anayeona, Oedipus ana macho asione. Hili kila mtahiniwa hulitaja. Jazanda inayosahaulika ni ya miguu. Jina Oedipus hufasiriwa kuwa mwenye miguu iliyovimba, maana alipokuwa mchanga vifundo vyake vilitobolewa, akatolewa akatupwe mlimani. Ndiye aliyetegua kitendawili cha Sphinx kuhusu kiumbe anayebadilisha idadi ya miguu, ilhali hajapata kuyafumbua makovu ya miguu yake mwenyewe. Ujuzi wake umeenea duniani kote ukakomea mlangoni pake.

Na hapa ndipo hoja ya majaaliwa inapopwaya. Utabiri wa Delphi ulitaja mauaji na ndoa, haukutaja uchunguzi. Jocasta anamsihi aache kuuliza. Mchungaji mzee naye anamsihi. Oedipus anakataa, na uamuzi huo ni wake. Amekwisha kumlaani muuaji hadharani, na laana inapomrudia haifuti. (Ni viongozi wangapi wangeiunda tume kama hiyo, seuze kuikubali ripoti yake?) Hata anapojipofusha, anakiri kuwa Apollo ndiye aliyeleta masaibu, ila mkono uliotoboa macho ulikuwa wake.

La kushangaza ni kwamba tamthilia hii haikumpa Sophocles tuzo ya kwanza. Ilimwendea Philocles, mpwa wa Aeschylus, ambaye leo hakuna tamthilia yake hata moja iliyosalia nzima.

Uzeeni Sophocles aliitwa tena kuutumikia mji. Baada ya jeshi la Athens kuangamia huko Sicily mwaka wa 413 K.K., alikuwa mmoja wa wazee kumi waliokabidhiwa dhamana ya kuunusuru. Alifariki mwaka wa 406 au 405 K.K., akiwa na umri wa takriban miaka 90, akaacha tamthilia moja ambayo ilikuja kuonyeshwa na mjukuu wake mwaka wa 401 K.K. Ndani yake Oedipus, mzee, kipofu na mkimbizi, anafika Colonus, kitongoji alikozaliwa mtunzi. Saa yake inapowadia, anaikataa mikono ya kumshika, anatangulia mbele, na wenye macho wanamfuata hadi mahali atakapofia.