Robert Koch: Daktari aliyefundisha kukijua kijidudu kabla ya kutoa dawa

Ukifika kituo cha afya ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mara nyingi hupewi dawa ya kifua kikuu papo hapo. Kwanza unapewa kikopo kidogo chenye kifuniko. Unaambiwa utoke nje penye hewa, ukohoe kutoka ndani kabisa ya kifua, uteme makohozi humo na kukirudisha. Wapo wanaoona wanapotezewa muda.

Kikopo hicho kina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni maisha ya daktari mmoja Mjerumani, Robert Koch. Leo tunayasimulia maisha yake, pamoja na sehemu isiyopendeza, ambayo ilitokea huku kwetu, katika visiwa vya Ziwa Victoria.

Daktari wa wilaya na ugonjwa wa kimeta

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo wa mashambani ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara ya serikali wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini yake, na kazi ya utafiti aliifanya nyumbani baada ya kuhudumia wagonjwa.

Mifugo ya eneo hilo ilikuwa ikifa kwa kimeta. Watafiti waliomtangulia walikwisha kuona vijiti vidogo mno katika damu ya wanyama waliokufa, lakini hawakukubaliana kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoua au vilijitokeza tu baada ya mnyama kuugua.

Koch aliwachanja panya kwa damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta, na panya wakafa. Damu yao ilikuwa na vijiti vilevile. Kisha akavikuza nje ya mwili, katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akivihamisha mara kadhaa hadi ile damu ya mwanzo haikuwepo tena. Alipowachanja panya wengine, nao wakafa kwa kimeta.

Aliona pia kwamba mazingira yakiwa magumu, vijiti hivyo hutengeneza mbegu ngumu, ambazo wataalamu huziita spora. Spora hukaa udongoni kwa miaka mingi zikisubiri. Ndiyo maana malisho yaleyale huweza kuua mifugo tena na tena, na ndiyo maana hadi leo wafugaji huonywa wasichune wala kupasua mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla.

Mwaka 1876 Koch alisafiri hadi Breslau kumwonyesha kazi yake Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea ambaye miaka michache kabla alikuwa amewagawa bakteria katika makundi kwa kufuata maumbo yao. Cohn aliridhika, akamsaidia kuichapisha. Daktari wa kijijini akaanza kujulikana.

Kutenganisha kila aina

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin, katika Ofisi ya Afya ya Dola. Huko alikabiliana na tatizo kubwa zaidi. Bakteria waliokuzwa ndani ya mchuzi walichanganyika, aina hii na ile. Ni kama mtu aliyemwaga mtama, ulezi na ufuta ndani ya gunia moja, kisha akaulizwa ni mbegu ipi ina sumu.

Jibu alilipata kwenye kiazi kilichopikwa na kukatwa. Bakteria wakidondoka juu ya kitu kigumu hawawezi kuchanganyika kirahisi. Kila mmoja huzaliana pale alipoangukia, na baada ya muda huonekana doa dogo la uzao wake peke yake. Baadaye alitumia mchuzi uliogandishwa kwa jelatini, lakini jelatini iliyeyuka kwenye joto. Ndipo Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyefanya kazi na Koch, aliposhauri itumike agari, kitu kinachotokana na mwani ambacho yeye alikitumia jikoni. Agari haiyeyuki kwenye joto la mwili. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, alibuni sahani yenye kifuniko inayobeba jina lake hadi leo. Maabara za hospitali bado zinatumia agari na sahani hiyo.

Umbo, rangi na ukuta

Bakteria hutambuliwaje? Kwanza kwa umbo. Wako wa mviringo, wa vijiti na wa kujipinda. Lakini umbo halitoshi, kwa sababu vijiti viwili vinavyofanana vinaweza kuleta magonjwa tofauti kabisa.

Pili, kwa rangi. Mwaka 1884, Mdenmaki Hans Christian Gram, akiwa Berlin, alipaka bakteria rangi ya zambarau, kisha akawaosha kwa spiriti. Baadhi walibaki na rangi, wengine wakaipoteza. Baadaye ilieleweka kwamba jambo hili linatokana na ukuta wa bakteria: wenye ukuta mnene huishika rangi, wenye ukuta mwembamba huiachia. Tofauti hiyo humsaidia daktari hata leo, kwa sababu zipo dawa zinazofaa kundi moja na kushindwa kwa jingine.

Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wenye nta, usiopokea rangi kirahisi. Kwa hiyo watafiti wengi walimtafuta wasimwone. Koch alijaribu rangi baada ya rangi, na hatimaye vijiti vyembamba vya buluu vikatokea. Kisha akavikuza, akisubiri kwa subira, kwa kuwa hukua polepole sana, na akathibitisha kwamba huleta kifua kikuu kwa wanyama.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza ugunduzi huo mjini Berlin. Wakati huo wengi waliamini kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo. Sasa ilijulikana kwamba ni maambukizi. Kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Miaka miwili baadaye, baada ya safari za Misri na Calcutta, alimtambulisha bakteria aliyejipinda kama mkato wa maandishi kuwa chanzo cha kipindupindu. Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amemwona tangu 1854, lakini hakusikilizwa.

Kutokana na kazi hizi zilizaliwa kanuni zinazoitwa kwa jina la Koch. Kijidudu kipatikane kwa mgonjwa. Kitenganishwe na kukuzwa peke yake. Kikipandikizwa kwa mnyama mzima, kilete ugonjwa uleule. Kisha kipatikane tena ndani ya mnyama huyo. Koch mwenyewe aligundua kwamba si kila ugonjwa hufuata kanuni hizi zote. Wanyama aliowajaribu hawakuugua kipindupindu.

Alipoharakisha

Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Aliiita tuberkulini, na kwa miezi kadhaa hakueleza imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuwaponya, na baadhi yao walikufa baada ya kudungwa. Mtu aliyewafundisha wenzake kudai ushahidi alikuwa ametangaza kabla ya kuwa nao. Baadaye tuberkulini ilipata kazi nyingine, ya kupima kwenye ngozi kama mtu ameambukizwa.

Koch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka huohuo alikuwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, akichunguza papasi kwenye kambi za njia za misafara. Ndani ya papasi, na hata ndani ya mayai yao, alikuta bakteria wa kujisokota wanaoleta homa ya papasi. Madaktari Dutton na Todd walifikia ugunduzi huohuo wakiwa Kongo.

Mwaka 1906 alirudi, safari hii kwa ajili ya malale, ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa maelfu kando ya Ziwa Victoria. Malale hayaletwi na bakteria bali na kimelea cha aina nyingine kinachoenezwa na mbung'o. Katika visiwa vya Ssese, Uganda, Koch aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilipotea, lakini kwa wengi vilirudi. Akaongeza kipimo. Wagonjwa walipata maumivu makali, na baadhi yao wakapofuka, wala macho hayakurudi. Walikuwa watu chini ya utawala wa kikoloni, na uwezo wao wa kukataa ulikuwa mdogo. Koch alipendekeza pia wagonjwa watengwe kambini.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66.

Tunayasimulia yote haya pamoja kwa sababu pande zote mbili zinatufundisha jambo moja. Koch alipokuwa na subira ya kuona, kutenganisha na kuthibitisha, aliokoa watu wasiohesabika. Alipotanguliza dawa kabla ya ushahidi, waliolipa ni wagonjwa.

Ndiyo kazi ya kile kikopo. Makohozi yako hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, au huwekwa kwenye mashine inayosoma vinasaba vya bakteria na kuonyesha pia kama ni sugu kwa mojawapo ya dawa kuu. Vikohozi hufanana, lakini vyanzo ni vingi, na matibabu ya kifua kikuu huchukua miezi kadhaa. Kwa hiyo, msikilizaji wetu, ukikabidhiwa kikopo, kohoa kutoka kifuani, si mate ya mdomoni, ukirudishe siku hiyohiyo na ufuatilie majibu yako.