Sergei Eisenstein: Mhandisi Aliyeoanisha Sanaa Tatu

Sergei Eisenstein alizaliwa mwaka wa 1898 mjini Riga, uliokuwa chini ya Urusi wakati huo. Alisomea uhandisi, lakini baada ya mapinduzi ya 1917 aliyaacha masomo hayo na kuingia katika uwanja wa maigizo jijini Moscow. Mwaka wa 1923, alipoelekeza tamthilia ya Ostrovsky, alipachika filamu fupi ndani ya onyesho la jukwaani. Mwaka uliofuata aliandaa igizo ndani ya kiwanda halisi cha gesi. Hata hivyo, uhalisi wa mitambo ulilifunika igizo lenyewe. Akatambua kwamba alichokitafuta kilihitaji kamera. Mwaka wa 1925 akatengeneza *Battleship Potemkin*, filamu iliyompa umaarufu duniani.

Muziki ulikamilisha azma yake. Katika *Alexander Nevsky* (1938), mtunzi Sergei Prokofiev alitunga sehemu fulani baada ya kutazama picha. Kwingineko Eisenstein aliunga picha zake kufuata muziki uliokwisha kurekodiwa. Muziki haukuwa pambo, bali nguzo ya masimulizi.

Wawili hao walishirikiana tena kuhusu maisha ya Mfalme Ivan. Sehemu ya kwanza ilituzwa. Ya pili, iliyofichua ukatili na upweke wa mtawala, ilipigwa marufuku na utawala wa Stalin mwaka wa 1946. Eisenstein alifariki mwaka wa 1948, akiwa na umri wa miaka 50. Filamu hiyo ilionyeshwa hadharani mwaka wa 1958, miaka 10 baada ya mwenyewe kuzikwa.